Yeyote Uliye, Ingia

Mgeni aliandika neno moja tu: Hodi.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, siku ambayo watu wa kazi ya kurekodi ibada huamka wamechoka kuliko waliolima. Jumapili kwao si mapumziko. Ndiyo siku ya kubeba kamera, kukanyagana na nyaya na kuomba umeme usikatike katikati ya mahubiri. Mwanamke aliyeusoma ujumbe ule, watu wa makanisani walimwita Sauti, kwa kuwa matangazo yao yote aliyasoma yeye. Mumewe alikuwa Fundi Picha. Mabango ya mikutano, video za kwaya na nembo zenye njiwa, yote yalitoka mikononi mwake, na alikuwa amechora njiwa wengi hata wale wa kweli wakitua uani hakutaka kuwatazama. Ofisi yao ilikuwa sebuleni kwao. Chumba cha kurekodia kilikuwa kile cha wageni, walichokiziba kwa magodoro ya zamani ukutani na mapazia mazito meusi ili kelele za barabarani zisiingie.

Kanisa la Mchungaji ndilo lililowapa kazi nyingi zaidi, na kazi yenyewe kubwa ilikuwa ukurasa wa kanisa mtandaoni. Mtu akiandika chochote pale, iwe shida, iwe salamu, iwe upuuzi, kabla binadamu hajamwona alijibiwa na mashine. Jibu lenyewe alilirekodi Sauti kwa ile sauti yake ya kubembeleza: "Karibu. Yeyote uliye, popote utokako, ingia. Hapa ni kwako." Mchungaji alilisifu hadi mimbarini. Hata mama mzazi wa Sauti, mjane aliyeishi peke yake mbali sana na hapo, alikuwa akiandika salamu kwenye ukurasa ule mara kwa mara ili tu aisikie sauti ya mwanawe ikimwambia karibu.

Sasa niambie wewe, tangu lini mtu mwenye akili zake akajibu hodi bila kuuliza ni nani? Bibi zetu walichungulia kwanza, hata jua likiwa utosini. Lakini mashine haina bibi.

Hodi ilibishwa mara tatu, na mara tatu mashine ilijibu. Baada ya jibu la tatu mgeni aliandika tena: Asante. Nimeingia.

Sauti alicheka, akamwita mumewe aje kuona. Fundi akasema ni vijana tu waliokosa kazi ya kufanya, akarudi kwa njiwa wake. Mwandishi hakuwa na jina wala picha, na Sauti alipobonyeza ili amjue, hapakuwa na kitu cha kubonyeza. Ujumbe ulikuwapo, mwenyewe hayupo. Akauacha, maana siku ile kulikuwa na tangazo la semina ya ndoa lililokuwa limechelewa.

Harufu ndiyo iliyofuata. Ilikuwa harufu ya nguo mbichi iliyosahauliwa ndani ya beseni, na ilitoka chumba cha kurekodia. Sauti alifua mapazia, akaanika magodoro juani, akamlaumu Fundi kwa viatu vyake. Fundi naye akavipeleka viatu uani bila kujitetea, kama wanaume waliozoea wafanyavyo. Harufu ikabaki pale pale.

Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, ndiyo kwanza ameanza shule ya awali. Walimwita Kidoti kwa sababu ya alama ndogo chini ya jicho lake. Alikuwa na mdomo huyo, usiseme. Aliuliza maswali tangu anapoamka mpaka usingizi umkatishe, na baba yake alizoea kumwambia kwamba akikua atalipwa kwa kuzungumza kama mama yake. Siku moja alirudi shuleni, akala, kisha akachukua kigoda chake kidogo cha mbao chenye egemeo na kukiburuta hadi chumba cha kurekodia. Mama yake akamuuliza anakipeleka wapi.

"Namwekea mgeni," Kidoti akasema. "Amechoka kusimama."

Watoto husema mengi, na Sauti hakutaka kuwa mama wa kuogopa kila neno. Lakini tangu siku ile kigoda hakikurudi jikoni, na kila walipokitoa walikikuta tena katikati ya chumba, kimegeukia mlango. Kidoti akaanza kukaa mle sakafuni mbele yake, mapazia yamefungwa, gizani mchana kweupe, akitazama juu kidogo, pale uso wa mtu aliyekaa ungekuwa. Maswali yakapungua. Chakula nacho kikapungua. Daktari akampima, akamkagua macho na ulimi, akasema mtoto ni mzima na huenda ana kinyongo cha shule. Sauti akaishika kauli hiyo kwa mikono miwili, maana ilikuwa nyepesi kubeba.

Alilifuta lile jibu la mashine. Hilo alilifanya siku ile ile waliyotoka kwa daktari, bila kumwambia mtu. Lakini kuufunga mlango wakati mgeni keshakaa ni kumfungia ndani.

Alasiri moja Mchungaji alikuja kurekodi mafundisho mafupi ya wiki. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye kicheko kikubwa, anayependa kuhesabu wafuasi kama wengine wanavyohesabu kuku wao jioni. Akaketi mbele ya kamera, Fundi akarekebisha taa, Kidoti akakaa kwenye kona karibu na mama yake kwa sababu alikataa kutoka, na Sauti akavaa vile visikizi vikubwa vya masikioni ili apime sauti. Mikrofoni zilikuwa mbili. Moja ilikuwa shatini kwa Mchungaji. Ya pili ilisimama upande wa pili wa chumba, juu ya kigoda, na hiyo ilikuwa ya akiba tu.

Mchungaji alikuwa bado hajaanza, anafuta jasho, wakati Sauti alipoona kwenye kompyuta mistari ya ile mikrofoni ya akiba ikipanda na kushuka, taratibu, kama ya mtu anayepumua, na alipoongeza sauti ili asikie ni waya gani umelegea alisikia pumzi kweli, ndefu, ya mtu aliyekaa kitako na kustarehe, kisha mate yakimezwa, kisha sauti ya Kidoti, sauti ya mwanawe mwenyewe, ikisema karibu sana masikioni mwake, karibu, yeyote uliye, popote utokako, ingia, ikirudia na kurudia, na kila ikirudia inazidi kuwa nzito na kuzidi kufanana na sauti yake yeye, na alipogeuka kumtazama mtoto alimkuta amekaa pale pale kwenye kona, mdomo umefungwa, anamtazama, machozi yanamtiririka bila kulia.

Sauti akavua vile visikizi. Alimwambia Mchungaji, kwa unyenyekevu, kwamba hatarekodi leo, na alipoulizwa sababu alimpa avae asikie mwenyewe. Mchungaji alivaa. Kicheko chake kilikwisha usoni polepole.

Hakukimbia, hilo tumpe haki yake. Alisimama, akakunja mikono ya shati, akaomba kwa sauti kubwa hata vioo vya dirisha vikatetemeka. Alikemea, akaamuru, akamfunika mtoto kwa mkono wake mpana. Fundi aliyekuwa akienda kanisani kwa ajili ya kamera tu, siku ile aliomba kweli. Chumba kikatulia. Hata harufu ikapungua. Mchungaji akamaliza, wote wakasema amina, wakafungua macho na kuanza kutazamana kwa aibu ya watu waliookoka kwenye ajali.

Ndipo ikaja amina moja ya ziada, kutoka kwenye kigoda, kwa sauti ya adabu kabisa.

Kesho yake Mchungaji alikuja na Mzee wa Kanisa, mtu mwembamba wa maneno machache. Kabla hajaokoka Mzee huyu alikuwa mganga. Hakupenda kukumbushwa, na waumini kwa adabu walikuwa wamekwisha kusahau, isipokuwa walipouguliwa. Hakuja na kitu mkononi. Alisimama mlangoni mwa chumba cha wageni, akanusa, akarudi nyuma bila kugeuza mgongo, akawaita wote nje wakakae barazani. Kidoti alikuwa mapajani mwa mama yake, macho wazi, amelegea. Tangu jana hakuwa amesema neno lake mwenyewe hata moja.

"Nani alimkaribisha?" Mzee aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ilikuwa mashine, Mzee."

"Mashine ina mdomo?"

Sauti akainama. "Mdomo ni wangu."

Mzee akatikisa kichwa, akasema basi hapo ndipo penye taabu. Jini aliyejiingiza ni mwizi na hufukuzwa kwa kelele. Huyu hakujiingiza. Alibisha, akajibiwa, akaambiwa hapa ni kwake. Maombi anayasikia na anaitikia, kwa kuwa kwa hesabu zake yeye ni mtu wa nyumba hii. Na mgeni aliyekaa muda mrefu hutafuta pa kulala, akachagua penye nafasi. Hapo wote wakamtazama mtoto, kisha wakatazama chini.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Mzee akasema. "Watu hudhani ni utani. Mpeni kazi. Kazi isiyokwisha, maana ikiisha tu atarudi kupumzika, na kitanda chake mnakijua."

Fundi akauliza kama hakuna njia nyingine. Mzee alichezea kitufe cha koti lake.

"Ipo. Mdomo uliomwita umwite tena, umpe nafasi ndani yake. Akikaa humo hana haja na nyumba wala mtoto. Hiyo siwafundishi, na huyu mama aniahidi kwamba hakuisikia."

Sauti akaahidi. Kisha wakaanza kutafuta kazi isiyokwisha, na hapo ndipo kazi yao wenyewe ilipowaponza. Mtu mwingine angefikiria kuhesabu mchanga. Sauti alifikiria ujumbe. Kila siku watu walimiminika kwenye ukurasa ule wakiomba kuombewa, ndoa, kazi, watoto, vidonda visivyopona, na tangu afute jibu la mashine walikuwa wamerundikana bila kujibiwa. Mzee, ambaye simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea tu, aliuliza kama kweli watu hao hawaishi. Sauti akamwambia hawaishi, Mzee, shida za watu zimeisha lini? Mchungaji aliguna, akasita, akaunga mkono. Mzee akasema kama haziishi, basi.

Waliihamishia kompyuta ya majibu chumba cha wageni, wakakiweka kigoda mbele yake. Sauti akasimama mlangoni, akasema kama alivyofundishwa: "Mgeni, umekaa vya kutosha. Jembe lako hili. Wote wanaobisha hodi, wajibu wewe." Akafunga mlango.

Walingoja sebuleni bila kutazamana. Kisha wakasikia vitufe vya kompyuta, polepole mwanzoni, vikiguswa kimoja kimoja kama mtu anayejifunza, halafu kwa kasi, halafu kwa kasi ambayo vidole vya binadamu haviwezi. Kidoti akainua kichwa kutoka begani mwa mama yake.

"Mama, nina njaa," akasema. "Kwa nini Mchungaji analia?"

Mkate alioula mtoto yule siku ile, Sauti hakuwahi kuona chakula kikiliwa kwa utamu hivyo. Maswali yakarudi yote, hata ya zamani. Harufu ikakatika. Nyumba ikawa nyumba, isipokuwa chumba kimoja ambacho hawakukifungua, na zile tiki-tiki-tiki zisizopumzika ambazo baada ya siku chache walizizoea kama wengine wanavyozoea mashine ya jirani ya kusaga.

Na majibu yalikuwa mazuri. Hilo ndilo lililomkosesha Fundi usingizi. Aliyasoma kwenye simu yake, mke wake akijifanya haoni. Mwanamke aliyeandika kwamba ana huzuni alijibiwa kwa jina la mtoto aliyemzika, jina ambalo hakulitaja. Mwanamume aliyeomba kazi aliambiwa pete yake iliyopotea iko chini ya jiwe la bafuni, akaiona, akaandika ushuhuda wenye machozi. Wafuasi wakafurika. Mchungaji alipiga simu kusema idadi yao, kwa sauti isiyojua kama ifurahi, na Fundi alimwambia tu kwamba ameiona.

Asubuhi moja Fundi alimwekea mkewe simu mkononi. "Soma mwisho wake, Mama Kidoti. Usisome mwanzo. Soma mwisho wa kila moja."

Akasoma. Kila jibu, baada ya faraja na baada ya siri, lilimalizika kwa neno moja: Hodi. Na chini yake, kwa mamia, watu wa watu, wenye shukrani, waliofundishwa adabu na mama zao, walikuwa wamejibu. Karibu. Karibu sana. Karibu nyumbani kwetu. Ingia, baba, nyumba ni yako. Mmoja aliweka picha ya sebule yake, na kwenye kochi alikuwa ameacha nafasi.

Sauti aliketi. Alisema huenda ni namna tu ya kuandika. Alisema tena kwamba wakimnyang'anya jembe atarudi kwa mtoto, na hilo wote wawili walilijua. Kidoti alikuwa uani akiwauliza njiwa kwa nini hawavai viatu. Sauti alimsikiliza mwanawe, akasema kwa sauti ndogo, "Wale siwajui, Baba Kidoti. Huyu ni wangu." Na sitamhukumu. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo na kuvuta mlango.

Simu yake ndiyo iliyolia. Mama yake alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti, maana macho yake hayakupenda kuandika sana. Sauti aliufungua akiwa bado ameketi.

"Mwanangu," mama alisema, akicheka kidogo, "ungeniambia basi kwamba unakuja. Nasikia unanibishia hodi kwenye simu, nikajibu karibu, nageuka, uko ndani. Nimefurahi, jamani. Lakini mbona umekaa tu hapo, husemi? Nimekupakulia, huli. Na nguo zako zimelowa wapi? Zina harufu." Kisha, mbali kidogo na simu, kana kwamba amegeuka kuzungumza na mtu: "Njoo ulale basi, mama. Njoo hapa kwangu, pana nafasi."

Fundi baadaye alisema kwamba hakuwahi kumwona mtu akiinuka vile. Sauti hakukimbia. Alitoka uani, akamkumbatia Kidoti, akaongea naye mambo ya kawaida, viatu vya njiwa na shule ya kesho, na alipomaliza akamwambia ampende sana baba yake na aendelee kuuliza. Akampa mumewe mtoto. Mumewe alielewa, akamshika mkono, na akauachia, kwa kuwa alikuwa ameusikia ujumbe ule ule.

Aliufungua mlango wa chumba cha wageni. Harufu ilimpokea. Vitufe viliendelea kwa kasi yao, na kigoda kilikuwa kimemgeukia. Alinyoosha mkono nyuma ya kompyuta, akauvuta waya ukutani, na ukimya ulioingia ulikuwa mzito kiasi kwamba alisikia damu ikipita masikioni mwake. Kisha akakaa juu ya kile kigoda, akapanua mdomo, na kwa sauti ile ile ya kubembeleza ambayo makanisa yote yaliipenda, akasema kwa mara ya mwisho maneno yake mwenyewe: "Jembe liweke chini. Waache wote. Mimi ndiye niliyekuita. Karibu, ingia, hapa ni kwako."

Siku ile ile mama yake alipiga simu akilalamika kwamba ameota mchana, ameamka amepakua chakula cha watu wawili. Alitaka kuongea na mwanawe. Fundi akamwambia mafua yamemkaba koo.

Hayo mafua yanaendelea mpaka leo. Ukurasa ulifungwa, Mchungaji akasema makosa ya mitambo, na Mzee wa Kanisa alikuja mara moja tu, akamtazama Sauti machoni, akaondoka bila kunywa maji. Jina wanamwita bado lile lile, ingawa hakuna aliyemsikia tena. Haongei. Anaweza, lakini haongei. Anaufunga mdomo kama mtu aliyebeba maji humo, hata akicheka, hata akilia, na usiku hujifunga kitambaa. Chumba cha wageni sasa ni cha kulala cha Kidoti, kina dirisha wazi na jua la kutosha. Mtoto amekuwa mkubwa, anasoma vizuri, anauliza maswali ya kumtoa mwalimu jasho. Wana utaratibu wao, yeye na mama yake. Akirudi shuleni hubisha hodi mlangoni, na mama yake humjibu kwa makofi mawili, naye huingia.

Jana alirudi, akasimama mlangoni, akabisha. Mama yake alikuwa jikoni anafua, mikono yote miwili iko ndani ya povu. Hakuwahi kuitoa apige makofi.

Na hodi ikajibiwa.